Mkono wa Lea

Rabson alipoliona lile boksi la mchanga akajua amepotezewa muda. Alikuwa ametoka Igowole na binti yake, wakapanda basi Mafinga alfajiri, wakafika Mbeya wamekakamaa kwa baridi, na kichwani mwake alitegemea kukuta hospitali: kitanda, sindano, mtu mwenye koti jeupe. Badala yake alikuta chumba nyuma ya kanisa. Mkeka sakafuni, viti vifupi vya watoto, na boksi la mbao limejazwa mchanga wa mto. Ukutani palikuwa na rafu ya vitu vya kuchezea: ng'ombe wa udongo, magari, vizibo vya soda, mamba wa plastiki, midoli ya vitambaa isiyozidi urefu wa kidole.

Lile boksi lenyewe lilitengenezwa kwa mbao mbichi ya msindano, na upande mmoja ulikuwa umeshapinda. Rabson alikuwa mpasua mbao, kwa hiyo aliliona hilo kabla hajamwona vizuri mwenye chumba.

Mwenye chumba aliitwa Tusajigwe, mama wa Kinyakyusa mwenye sweta la kijani na sauti ya chini. Kazi aliyosomea ilikuwa moja tu, kuwasaidia watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono warudi kuwa watoto. Ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo iliyomtaja kwa Rabson.

"Mama, mimi nimeleta mgonjwa," Rabson alimwambia. "Sijaleta mtoto kucheza."

"Kucheza ndiyo dawa yenyewe, Baba Lea. Wewe kaa nje hapo kwenye benchi. Habari ya mlango ataamua Lea mwenyewe, tufunge au tuache wazi."

Lea aliutazama mlango, akamtazama baba yake, kisha akabeba kiti kimoja kifupi akakiegemeza kwenye mlango ili usijifunge. Hivyo ndivyo Rabson alivyoweza kuona yote yaliyofuata. Mtoto wake mwenyewe alimwachia mlango wazi.

Lea alikuwa na miaka tisa. Zamani alikuwa mtoto wa maneno. Alikuwa akienda na mama yake shambani anaongea, anarudi anaongea, mpaka Faustina anamwomba ampumzishe masikio. Kisha mpangaji wao wa chumba cha uani, mtu mpole aliyekuwa akifanya kazi ya kupanga magogo kwenye malori, akamfanyia aliyomfanyia. Haikuwa mara moja. Jambo lilipojulikana, Rabson hakukubali vikao vya ukoo vya kulimaliza kimyakimya. Alikwenda polisi, akaenda mahakamani, akakaa kwenye viti vya mbele mpaka hakimu alipomfunga yule mtu. Hospitali walisema mwili wa mtoto umepona. Rabson akarudi nyumbani akiamini kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Lea aliacha kuongea, isipokuwa ndiyo na hapana, na hata hizo kwa kichwa. Alilala na gambuti miguuni. Ukimvua akiwa usingizini, asubuhi unamkuta amezivaa tena. Hakutaka kuguswa na mtu, hata baba yake. Rabson akiingia ndani, Lea alikuwa akisogea taratibu kuufuata ukuta mpaka afike mlangoni. Hilo ndilo lililomleta Mbeya. Faustina alikuwa na mimba ya kujifungua karibuni, asingeweza kusafiri. Basi Rabson akahamia kwa muda Uyole kwa dada yake Eveline, akapata kibarua kwenye yadi ya mbao, na kila wiki akawa anampeleka Lea kwenye boksi la mchanga.

Majuma ya mwanzo Lea alifanya kitu kimoja tu. Alichukua mdoli mdogo wa kike, akauzika mchangani, akamweka mamba juu yake. Basi. Anakaa anaangalia mpaka muda unaisha. Tusajigwe anakaa pembeni yake kwenye mkeka, naye anaangalia. Hamuulizi kitu.

Rabson uvumilivu ulimwishia. Siku moja Lea akiwa amekwenda chooni, alimwuliza yule mama kwa nini hamhoji mtoto. Yeye mwenyewe, alisema, angemwandikia maswali yote amsomee mtoto.

Tusajigwe alimwambia kwamba Lea ameshahojiwa na polisi, na daktari, na wakili, na hakimu, na kila mmoja alichukua alichokitaka akaondoka. Hapa hakuna atakayemchukulia kitu. Ana maneno yake, atayatoa kwa mkono wake siku akiona mahali pa kuyaweka. Kisha akaongeza, bila kubadilisha sauti: "Na wewe una haraka, Baba Lea. Yeye hana."

Rabson hakupenda kuambiwa hivyo. Lakini alikaa.

Polepole alianza kuona kwamba ule haukuwa mchezo wa kupoteza muda. Tusajigwe alimfundisha Lea kupumua. Alimwambia ajifanye ameshika kikombe cha uji wa moto: kwanza aunuse, harufu ijae mpaka tumboni, kisha aupulize taratibu upoe bila kumwagika. Rabson aliona ni utani mpaka usiku mmoja pale Uyole mbwa walipolia na Lea akashtuka kitandani, na kutoka upande wa pili wa pazia akamsikia mtoto ananusa, anapuliza, ananusa, anapuliza, mpaka akalala. Hakuna mtu aliyemgusa. Hakuna aliyemwambia. Mtoto alijituliza mwenyewe gizani kwa kikombe kisichokuwepo. Rabson alikaa macho muda mrefu akisikiliza pumzi zile, kama mtu aliyesikia maji yakipita chini ya shamba lake ambako hakujua kuna maji.

Wiki iliyofuata mdoli haukuzikwa wote. Kichwa kiliachwa nje.

Kisha Rabson akaharibu.

Kwao, mtoto wa kike humsalimia mkubwa akiwa amechuchumaa. Hutoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, na mkono hauondolewi mpaka mkubwa auachie. Rabson alimfundisha Lea hivyo tangu alipoanza kutembea, na alijivunia. Watu walikuwa wakisema pale Igowole, mtoto wa Rabson ana adabu. Basi Jumapili moja mzee wa kanisa, jirani wa Eveline, alikuja kuwatembelea. Mzee mwema, amewaletea viazi. Akamwita Lea amsalimie. Lea akabaki amesimama penye ukuta.

Eveline alicheka kuficha aibu. "Kaka, huyu mtoto wako siku hizi ni mheshimiwa, tunatakiwa sisi ndiyo tumchuchumalie?"

Rabson akasikia uso unawaka moto. Akamshika Lea bega, akamsogeza mbele, yeye mwenyewe akauchukua mkono wa mtoto akautia kwenye mkono wa mzee. Mzee akaushika, akamuuliza habari za shule. Lea alisimama pale macho yametoka, mwili umekuwa mgumu kama kigingi, na mkojo ukamtiririka mpaka kwenye gambuti.

Usiku ule hakukuwa na kunusa wala kupuliza. Na wiki ile mdoli ulizikwa mpaka chini kabisa, penye mbao, na juu yake Lea akarundika mamba, magari, ng'ombe, vizibo, kila kilichokuwepo kwenye rafu.

Rabson alimweleza Tusajigwe yaliyotokea. Alieleza kwa ufupi, kwa sauti ya mtu anayetegemea kuambiwa kuwa ni jambo dogo. Ilikuwa salamu tu, alisema. Mtoto bila salamu atakuwa mtu gani?

Tusajigwe hakumgombeza. Alimwambia akae palepale kwenye benchi na aangalie, na kwamba wiki hii au nyingine Lea mwenyewe atamjibu.

Ilichukua zaidi ya wiki. Mvua zilikuwa zimeanza, mlima Loleza umejifunika ukungu mpaka miguuni, na Rabson amejikunyata kwenye benchi koti limefungwa mpaka shingoni. Ndani, Lea alianza kuvitoa vitu mchangani kimoja kimoja na kuvirudisha kwenye rafu. Akabaki na mdoli na mamba. Akaupangusa mdoli mchanga usoni kwa kidole. Kisha akaukunja magoti.

Rabson aliacha kujikunyata.

Lea aliuchuchumalisha mdoli mbele ya mamba. Akaunyoosha mkono wake wa kitambaa, ule wa kulia. Ule wa kushoto akauleta kwenye kiwiko, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Akausogeza mdomo wa mamba mpaka ukaubana ule mkono. Akaviacha hivyo.

Rabson alielewa. Hakuna aliyemweleza. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, yeye mwenyewe alikuwa akimwambia Lea aende uani akamsalimie mpangaji, ambaye kwa heshima walimwita baba mdogo, na kila asubuhi mtoto alichuchumaa, akatoa mkono, akasubiri uachiwe. Mtu yule hakuhitaji kumkamata mtoto. Aliletewa mkono umenyooshwa. Hayo polisi hawakuyaandika, hakimu hakuyasikia, na yeye baba aliyekaa viti vya mbele hakuyajua. Sasa yalikuwa yamewekwa mbele yake kwa mdoli wa kitambaa na mamba wa plastiki, na kwa uwazi ule ambao mtu mzima mwenye maneno yote ya dunia asingeuweza. Rabson aliivua kofia yake bila kujua kwamba ameivua.

Mle ndani Tusajigwe aliuliza swali la kwanza ambalo Rabson alipata kumsikia akiuliza. "Huyu mtoto, angekuwa na sauti, angesema nini?"

Lea aliutazama ule mkono wa kitambaa uliobanwa. Mvua ilipiga bati.

"Aachie," alisema.

Sauti ilikuwa na mkwaruzo kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ndilo neno la kwanza zima Rabson alilolisikia kwa mwanawe tangu kesi iishe.

"Mwambie," alisema Tusajigwe.

"Achia," Lea alimwambia mamba. Akauvuta mkono wa mdoli mwenyewe, akautoa.

Tangu siku ile Rabson aliingizwa ndani, kwa ruhusa ya Lea. Tusajigwe alimpa kazi yake. Wewe, alimwambia, simama kule ukutani. Utatembea kumwendea. Lea akiinua kiganja na kusema simama, unasimama. Huongezi hata nusu hatua, humuulizi kwa nini, hununi. Akisema njoo, unakuja. Ndiyo hivyo tu.

Rabson alitaka kucheka, kisha akakumbuka kazi. Alianza kupasua mbao enzi za msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo, mwingine chini yake. Wa chini vumbi la mbao linamjaa machoni, haoni kitu, na mikono yake iko karibu na meno ya msumeno. Pale kuna sheria moja. Yeyote akisema simama, msumeno unasimama. Awe mzee, awe kibarua wa jana, haulizwi. Wanaouliza kwanza ndio wanaopoteza vidole. Rabson alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi, na nyumbani kwake mwenyewe hakuwahi kufikiri kwamba mtoto naye anaweza kuwa ndiye aliye chini ya gogo.

Alitembea. Lea aliinua kiganja. "Simama."

Akasimama, mguu mmoja uko hewani. Akautua polepole pale ulipokuwa.

Lea alimtazama miguu, si uso. Alikuwa anaangalia kama itasogea. Haikusogea. Rabson, mtu ambaye miti ya futi mia ilikuwa imeanguka pembeni yake asitetemeke, alibaki palepale kwa sababu ya neno moja la mtoto wa miaka tisa. Hakuwa na hofu. Ni vile mtu anavyojisikia akiingia kanisani mchana, hakuna watu, akakuta mshumaa unawaka.

"Njoo," Lea alisema. Kisha tena, "Simama." Kisha njoo. Kisha simama. Alimwendesha hivyo mpaka Tusajigwe akaanza kutabasamu, na mwishowe Lea naye akacheka, kicheko kifupi kupitia puani, akakikata upesi kana kwamba amekisikia kwa mtu mwingine.

Jioni ile wakirudi Uyole aliushika mkono wa koti la baba yake. Koti tu, siyo mkono. Rabson alitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebebeshwa yai.

Faustina alijifungua mtoto wa kiume, na ubatizo ukapangwa Igowole baada ya mavuno. Kabla hawajaondoka Tusajigwe alimwambia Rabson wazi kwamba Lea bado. Kuna siku zitakuwa mbaya, atarudi tena Mbeya. Lakini hapa chumbani, alisema, kila mtu anasimama akiambiwa. Huko nje hawasimami. "Akisema kule na watu wasimsikie, atajifunza kwamba mimi na wewe tulimdanganya. Kwa hiyo, Baba Lea, wewe ndiye utakayejua kama hii kazi imeshika au imekatika."

Safari nzima, kupita Chimala, kupita Makambako, Rabson alikuwa na maneno hayo tu kichwani.

Uwanja wa nyumba ulijaa watu waliotoka ibadani. Wali, nyama, madebe ya ulanzi, pombe ya mianzi, kwa wazee. Lea alikaa karibu na mama yake amempakata mdogo wake, na alikuwa amemweleza Faustina, kwa maneno matano au sita, habari za mamba kwenye rafu. Faustina aligeuka upande kufuta macho kwa khanga. Alikuwa ameuliza kuhusu gambuti. Lea bado alikuwa akilala nazo siku nyingine, na siku nyingine hapana.

Kisha akaja Silvester, kaka mkubwa wa Rabson, ambaye tangu wazazi wafe ndiye aliyekuwa neno la mwisho katika ukoo. Mtu mrefu, mstaafu wa mashamba ya chai, mkali kwa adabu na mwenye mapenzi na watoto wa mdogo wake. Watu walimpisha. Alisalimia huku na huku, kisha akamwona Lea.

"Lea wangu. Njoo umsalimie baba mkubwa. Au Mbeya wamekufundisha kutudharau?"

Watu walicheka. Lea alimkabidhi mama yake mtoto, akasimama wima. Silvester akaanza kumwendea, mkono umenyooshwa.

Lea akainua kiganja. "Simama."

Kicheko kilikatika. Silvester alitabasamu kama mtu aliyetaniwa, akaongeza hatua. Lea akarudi nyuma nusu hatua, mgongo ukagusa ukuta, na Rabson akaona mwili wa mwanawe unakuwa mgumu, kama siku ile mzee wa kanisa alipoleta viazi.

Maisha yake yote Rabson hakuwahi kumpinga kaka yake mbele ya watu. Hakujua hata maneno ya kufanyia hivyo. Aliinuka tu, akaenda akasimama pembeni, si mbele ya Lea, pembeni yake.

"Kaka, amesema simama."

"Nimemsikia. Ni mtoto."

"Ndiyo. Na amesema simama."

Silvester alimtazama mdogo wake. Akawatazama watu, waliokuwa wote wamegundua kitu cha kuangalia kwenye sahani zao. Upawa wa mama mmoja aliyekuwa akipakua wali ulikuwa umebaki hewani. Rabson alijua kwamba kaka yake akigeuka kwa hasira akaondoka, ukoo utaondoka naye, na kwamba yeye hatafungua mdomo kumrudisha. Silvester alikuwa mkali, lakini mjinga hakuwa, na habari za chumba cha uani alikuwa anazijua. Alimtazama tena mtoto. Mkono wake ulishuka taratibu mpaka pembeni ya koti.

Akasimama.

Lea alikuwa ananusa, anapuliza. Ananusa, anapuliza. Mzee wa ukoo alisubiri mbele yake katikati ya uwanja kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Kamwene, baba mkubwa," Lea alimsalimia kwa lugha ya kwao, amesimama wima, mikono yake miwili iko kifuani kwake mwenyewe.

"Kamwene, mwanangu."

"Kaa pale kwenye benchi."

Silvester akaenda akakaa kwenye benchi.

Mwanamke mmoja nyuma akaguna, mwingine akamkanyaga mguu anyamaze. Rabson alikuwa amesikia mahubiri mengi na kushuhudia mambo makubwa porini, lakini hakuwahi kuona kitu kama kile: mwanawe, gambuti miguuni, ameongea kwa sauti ya kawaida na dunia ikamsikia.

Kisha Lea akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alikwenda akachukua jagi la maji na beseni, akaenda mpaka kwenye benchi, akaliweka beseni katikati yake na baba yake mkubwa. Silvester alinyoosha mikono juu ya beseni, viganja juu, akangoja mpaka mtoto aanze mwenyewe kumimina. Maji yalitoka. Mzee alinawa polepole, bila kuinua macho.

"Basi," alisema Lea.

Mzee akairudisha mikono yake.